Wasaa wa Mfumi: Habari za Malenga wa Paisley na Jamaa Zao

Katika nchi ya Uskoti jina la mshairi mmoja limekuwa kubwa hata likafunika majina ya wengine wote, na mtu akitaja ushairi wa nchi hiyo mbele ya msikilizaji wa mbali, msikilizaji huyo hujibu kwa jina la Robert Burns, kisha hunyamaza, kana kwamba habari imekwisha. Burns alistahili sifa zake, wala makala haya hayana nia ya kumpunguzia hata moja; lakini kabla yake, na katika zama zake, na baada yake, walikuwako watu wengi waliotunga kwa Kiskoti na kwa Kiingereza ambao diwani zao hazisomwi tena ila na wachache, na ambao walifanana kwa jambo moja la kustaajabisha: wengi wao walikuwa mafundi wa kazi moja, kazi ya kufuma nguo. Wafumi walitunga kwa wingi usiolingana na hali yao, na katika mji wa Paisley walitunga kupita miji yote. Na swali la kwa nini kazi hiyo, katika mji huo, kwa zama zile, ilizaa watungaji wengi namna ile, ni swali ambalo jibu lake la upesi, lile lijalo mdomoni kabla ya kufikiri, si jibu la kweli.

Paisley ni mji wa magharibi ya Uskoti, katika jimbo la Renfrewshire, si mbali na Glasgow, nao ulikua kandokando ya mto White Cart kwa kulizunguka kanisa kuu la watawa wa kale. Watu wake walianza kwa kufuma kitani. Katikati ya karne ya 18 wakajifunza kufuma shashi ya hariri iliyouzwa London na Paris. Baadaye wakaingia katika melimeli ya pamba. Na tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 19 wakashika kazi iliyowapa jina duniani, yaani kufuma shali za kuigiza shali za Kashmir, zenye lile umbo la tone lililopinda ncha ambalo wanawake wa pwani yetu hulijua katika kanga kuwa ni korosho. Umbo hilo lilitoka Uajemi na Bara Hindi, lakini Wazungu walilipa jina la mji wa wale waliolifuma kwa ajili yao, na jina hilo limelishika hata leo.

Kazi yenyewe ilifanywa nyumbani. Nyumba ya mfumi ilikuwa na pande mbili, upande mmoja wa kupikia na kulala, na upande wa pili wa karakana, aghalabu yenye sakafu ya udongo ili unyevu wa ardhi uzuie nyuzi zisikauke na kukatika, na humo vitanda vya mfumi vinne, au hata sita, vilisimama pamoja, cha baba, na cha mwana, na cha mwanagenzi, na cha jirani aliyepanga nafasi. Mfumi alipokea nyuzi kwa tajiri au kwa wakala wake, akatanda mtande, akapitisha mshindio, akakanyaga mbao za chini kwa miguu ili mtande upande na kushuka, na nguo ilipokwisha akairudisha akalipwa kwa kipimo cha nguo. Nguo ilipokuwa na nakshi nyingi, mtoto alisimama kando akivuta kamba moja baada ya nyingine kwa utaratibu aliofundishwa, na kosa lake moja liliharibu ua zima.

Nasema alilipwa kwa kipimo cha nguo, wala si kwa saa alizokaa, na neno hili halina budi kutiliwa mkazo, maana ndilo lililobeba mambo mengine yote. Mfumi wa miaka ile ya neema, ambayo twaweza kuihesabu tangu kiasi cha 1780 hata miaka ya mwanzo ya karne iliyofuata, alikuwa na amri juu ya siku yake. Akitaka kuanza alfajiri, alianza alfajiri. Akitaka kuacha adhuhuri aende vilima vya Gleniffer vilivyo kusini ya mji, au akavue samaki, au akapalilie bustani yake ndogo, aliacha, na deni la kazi akalilipa usiku kwa mwanga wa taa. Wafumi wa Paisley walisifika kwa kuotesha maua ya jamii ya karnesheni, yenye kingo za rangi kama taraza, wakayashindanisha kwa hukumu kali kama walivyopima nguo. Kadhalika walichanga fedha wakanunua gazeti moja kwa watu wengi, mmoja akasoma kwa sauti na wengine wakasikiliza, kisha wakabishana juu ya dini na siasa, na habari za mapinduzi ya Ufaransa, hata usiku ukawachwelea.

Wala hawakuwa watu wasiojua kusoma. Sheria ya mwaka 1696 ilikuwa imeiamuru kila parokia ya Uskoti iwe na shule na mwalimu wake, na ingawa sheria haikutimizwa sawasawa kila mahali, mtoto wa fundi katika sehemu zile za kusini na magharibi aliweza kwa kawaida kuisoma Biblia kabla ya kukabidhiwa kazi, na aliyeweza kuisoma Biblia hakukatazwa na mtu kusoma kitabu kingine. Basi kitabu kilikuwa karibu, wasaa ulikuwako, na wasikilizaji walikuwa katika chumba kilekile, wamekaa mbele ya vitanda vyao, wenye masikio makali na ulimi usiosamehe mizani mbaya.

Wako wasemao kwamba mdundo wa kitanda ndio uliowafundisha wafumi mizani, na kwamba mguu uliokanyaga mbao ulikanyaga pia mistari ya shairi. Ni maneno matamu, na huenda yana chembe ya ukweli, maana watu wa kazi zote huimba kwa kufuata kazi. Lakini lau mdundo peke yake ungetosha, basi mitambo ya mvuke iliyokuja baadaye, yenye mdundo wa nguvu zaidi na usiopumzika, ingezaa washairi mara kumi. Haikuwa hivyo. Kilichomzaa mtungaji kilikuwa kitabu, na wasaa, na wenzi wa kumsikiliza, na tutaona jinsi hatima ya ushairi huo ilivyofuata hatima ya mambo hayo matatu.

Kabla ya kuwataja watungaji wenyewe, yafaa kutaja chombo walichokirithi, kwa kuwa nacho kilitoka jirani. Maili chache magharibi ya Paisley kipo kijiji cha Kilbarchan, nacho kilikuwa kijiji cha wafumi. Hapo aliishi Habbie Simson, mpiga zumari wa kijiji, na alipokwisha kufa, Robert Sempill wa Beltrees, bwana mmoja wa jimbo hilo, alimtungia katika karne ya 17 rambirambi iliyochanganya huzuni na mzaha. Ubeti wake una mistari sita: mitatu ya kwanza ni mirefu, yenye kina kimoja, wa nne ni mfupi, wenye kina kipya, wa tano ni mrefu, nao ukirudia kile cha kwanza, na wa sita ni mfupi, ukikifunga kile cha pili. Msomaji aliyelelewa katika vina na mizani ataona mara moja ugumu wa kupata vina vinne vya namna moja katika ubeti mdogo kama huo, na ataona pia faida ya mistari mifupi, ambayo humpa mtungaji mahali pa kupiga pigo la kejeli baada ya maelezo marefu. Allan Ramsay, fundi wa nywele za bandia wa Edinburgh, aliutumia ubeti huo akauita kwa jina la yule mpiga zumari. Robert Fergusson, karani mnakili aliyekufa mwaka 1774 akiwa na miaka 24 tu, aliunoa ukawa mkali. Kisha akaja Burns, akautumia kwa ustadi hata vizazi vilivyofuata vikauita ubeti wa Burns, na Habbie na Sempill wakasahauliwa nje ya mipaka ya jimbo lao.

Jambo la pili walilolirithi lilikuwa lugha mbili. Kiskoti na Kiingereza ni ndugu waliotoka katika asili moja ya kale, na Kiskoti kilikuwa lugha ya baraza la wafalme wa Edinburgh hata mwaka 1603, Mfalme James wa Sita aliporithi kiti cha Uingereza akahamia London pamoja na watu wake wa fahari. Tangu hapo Kiingereza kikawa lugha ya sheria na shule na mimbari, na Biblia nayo ilisomwa kwa Kiingereza. Kiskoti kikabaki nyumbani, sokoni, karakanani, na katika wimbo. Mshairi mfumi alizijua zote mbili, naye alichagua kwa kadiri ya shughuli: mapenzi, mzaha, matukano na habari za jirani alizitunga kwa Kiskoti, maombolezo ya heshima, sifa za wakuu na mambo ya akhera alizitunga kwa Kiingereza. Wahakiki karibu wote husema kwamba tungo zao za Kiskoti zapita zile za Kiingereza, na nadhani wamesema kweli, lakini sababu si upungufu wa elimu. Kiingereza chao kilitoka vitabuni, kikaja na mapambo yaliyokwisha kutumiwa na waungwana wa London. Kiskoti kilitoka vinywani mwa mama na majirani, na katika hicho hapakuwa na mtu wa kumwiga.

Wa kwanza katika wafumi wa Paisley anayestahili kusimuliwa kwa urefu ni Alexander Wilson, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1766. Alitiwa uanagenzi wa kufuma akiwa na miaka 13, lakini hakuwa mtu wa kutulia. Aliacha kitanda akajitwisha mtumba wa nguo mgongoni, akawa mchuuzi wa kutembea kijiji kwa kijiji, akiuza melimeli kwa mkono mmoja na kutafuta wanunuzi wa diwani yake kwa mkono wa pili. Diwani ilichapwa mwaka 1790, nayo haikumpa mali. Mwaka uliofuata alikwenda Edinburgh kushiriki katika mjadala wa hadhara, uliouliza ni nani kati ya Ramsay na Fergusson aliyeuletea ushairi wa Kiskoti heshima kubwa zaidi. Wilson alimtetea Fergusson kwa shairi, akatoka wa pili. Mwaka 1792 akachapisha, bila ya kutia jina lake, hadithi ya mume mnyonge na mke mwenye ulimi, iitwayo Watty and Meg, iliyouzwa katika vijitabu vya bei rahisi kwa wingi mkubwa, na wasomaji wengi wakasadiki kuwa ni kazi ya Burns.

Mwaka huohuo kalamu yake ilimtia mashakani. Alitunga shairi la Kiskoti lililomshambulia tajiri mmoja wa nguo, likimtuhumu kwamba kipimo chake cha mtande kilikuwa kirefu kuliko ilivyopatanwa, hata mfumi akawa anafuma dhiraa asizolipwa. Pamoja na shairi ilikwenda barua ya kudai fedha ili lisichapishwe, na hapo hata rafiki wa Wilson hana la kumtetea. Alishitakiwa, akafungwa, na mwezi wa Februari 1793 akalazimishwa kulichoma shairi lake kwa mkono wake mwenyewe hadharani, kwenye ngazi za gereza la mji. Zama zilikuwa za hofu. Serikali iliwaona wafumi kuwa ni watu wa fitina waliosoma vitabu vya Kifaransa kupita kiasi. Mwaka 1794 Wilson alipanda merikebu Belfast akaenda Marekani, akalala juu ya sitaha kwa kuwa nafasi za chini zilikuwa zimejaa, akafika Delaware, akatafuta maisha kwa kufuma, kisha kwa ualimu. Karibu na Philadelphia alipata urafiki wa William Bartram, mjuzi wa mimea na wanyama, akaanza kuchora ndege. Na kuanzia mwaka 1808 akatoa kitabu kimoja baada ya kingine juu ya ndege wa Marekani, hata vikatimia tisa, vya mwisho vikikamilishwa na rafiki yake baada ya kifo chake cha mwaka 1813. Wamarekani humwita baba wa elimu ya ndege katika nchi yao, na wengi wao hawajui kuwa aliwahi kufuma, wala kuwa aliwahi kufungwa kwa ajili ya beti.

Robert Tannahill alikuwa mtu wa tabia nyingine kabisa. Alizaliwa Paisley mwezi wa Juni 1774, miaka miwili hivi kabla ya mwaka ambao hutajwa kuwa wa kuzaliwa malenga Muyaka bin Haji kule Mombasa, na maisha yake yote, ila miaka michache ya kufuma huko Bolton, Uingereza, aliyapitisha mjini kwao, mbele ya kitanda chake, mpole, mwenye haya, asiyeoa. Alitundika chupa ya wino kwenye mhimili wa kitanda na kuweka ubao mdogo wa kuandikia karibu nao, ili mstari ujapo auandike pasipo kuondoka kitini, kisha arudie kazi. Na mara nyingi alianza na lahani ya zamani iliyokosa maneno, au yenye maneno yasiyofaa, akaifumia maneno mapya yaliyoikaa sawasawa. Nyimbo zake zahusu vilima vya Gleniffer, misitu na vijito vya karibu, msichana anayengojewa, baridi inayoondoka, na askari anayekwenda vitani. Mambo ni machache, lakini sikio lake lilikuwa la nadra, na irabu zake zimepangwa kwa namna ambayo mwimbaji hapati mahali pa kukwama. Robert Archibald Smith, aliyekuwa mwana wa mfumi wa hariri na baadaye kiongozi wa kwaya ya kanisa kuu la Paisley, alizitilia baadhi yake muziki, na kwa njia hiyo wimbo uliotungwa karakanani ukaimbwa katika kumbi za London.

Mwaka 1805 wapenzi wa ushairi wa mji huo walifanya chama cha kumkumbuka Burns, ambacho ni miongoni mwa vyama vya kwanza vya namna hiyo, na Tannahill akawa mwandishi wake wa kwanza. Mwaka 1807 alitoa diwani ya nakala 900 zilizolipiwa na watu walioahidi kabla, nazo zikamalizika upesi. Lakini yeye mwenyewe aliona makosa yake kuliko adui zake walivyoyaona. Alisahihisha, akafuta, akaandika upya, akampelekea mchapishaji mkuu wa Edinburgh, Archibald Constable, naye akarudisha miswada. Katika mwaka 1810 James Hogg, mchungaji wa kondoo aliyekuwa mshairi, alisafiri hata Paisley kumzuru, wakakaa pamoja usiku mmoja wakaagana kwa machozi. Muda mfupi baadaye Tannahill alikusanya alichoweza kukipata katika miswada yake akakichoma moto. Na usiku wa tarehe 17 Mei 1810, akiwa hajatimiza miaka 36, alitoka nyumbani kimya, na jamaa zake waliomtafuta wakaona koti lake ukingoni mwa maji, mahali kijito kipitapo chini ya mfereji wa merikebu.

Nyimbo zake hazikuchomeka, kwa sababu hazikuwa tena katika karatasi. Zilikwisha kuingia katika vinywa vya watu. William Thom, mfumi wa Aberdeen ambaye habari zake zaja, alieleza jinsi wafumi wa kiwanda chake walivyokuwa wakiimba nyimbo za Tannahill kazini na kuona kuwa zimewasemea mioyo yao. Wimbo wake juu ya msitu wa Craigielea, kwa lahani ya James Barr wa Kilbarchan, ulifanywa muziki wa bendi, ukavuka bahari hata Australia, ambako mwaka 1894 mwanamke mmoja aliusikia katika mashindano ya farasi, akaukumbuka, na mwaka uliofuata akampigia mshairi Banjo Paterson, aliyeutungia maneno ya Waltzing Matilda, wimbo ambao Waaustralia huupenda kama wimbo wa taifa. Na wimbo wake juu ya vilima vya Balquhidder ulibadilishwa na waimbaji, ukapita Ayalandi, na katika miaka ya 1950 jamaa ya McPeake wa Belfast wakauimba kwa sura mpya ambayo sasa huimbwa kila mahali palipo na watu wa asili ya Kiskoti au ya Kiayalandi, aghalabu pasipo jina la Tannahill kutajwa.

Huko Ayalandi kaskazini nako kulikuwa na wafumi washairi, maana watu wengi wa Uskoti walihamia huko katika karne ya 17 wakachukua lugha yao na ule ubeti wa mistari sita, nao walifuma kitani. Mkubwa wao alikuwa James Orr wa Ballycarry, aliyezaliwa mwaka 1770. Mwaka 1798 aliingia katika maasi ya Waayalandi Waungano, akawa pamoja na waasi katika siku ya vita vya Antrim, na waliposhindwa akajificha, akakimbilia Marekani kwa muda, kisha akarudi kwenye kitanda chake. Safari ile ya bahari aliitungia shairi la Kiskoti lenye harufu ya chumvi na matapishi na vichekesho vya maskini, na wako wahakiki wanaoliweka sawa na kazi nzuri za Burns. Alikufa mwaka 1816, akazikwa kijijini kwake.

Neema ya wafumi haikudumu. Baada ya vita vya Napoleon askari walirudi kutafuta kazi, na kazi ya kufuma nguo za kawaida ilikuwa rahisi kujifunza. Ujira ukashuka, kisha mitambo ya mvuke ikaja kuumaliza. Yakadiriwa kwamba mwaka 1840 Uskoti bado ilikuwa na wafumi wa mkono zaidi ya 80,000, na miaka kumi baadaye walibaki 25,000 hivi. Paisley, kwa kuwa shali zake zilihitaji ustadi ambao mashine haikuupata upesi, ilivumilia zaidi, lakini nayo ilipatwa na nakama kubwa kuanzia mwaka 1841, matajiri wakafilisika mfululizo, na Malkia Victoria akanunua shali za mji huo ili wanawake wa daraja la juu wamfuate. Katika miaka ya 1870 mitindo ya nguo ikabadilika, shali zikaachwa, na biashara ikafa.

Sauti ya zama hizo za dhiki ni ya William Thom. Alilemaa mguu angali mtoto, akafuma miaka mingi katika kiwanda cha Aberdeen ambamo wafumi wa mkono walikusanywa pamoja, kwa ujira wa shilingi chache kwa juma. Mwaka 1837 kufilisika kwa nyumba za biashara za Marekani kulinyamazisha vitanda zaidi ya 6,000 vya Dundee na viunga vyake katika muda mfupi, na Thom, aliyekuwa akiishi kijiji cha Newtyle, akatoka na mkewe na watoto kutafuta riziki. Wakanyimwa malazi, wakalala nje katika baridi, na mtoto wao mchanga akafa. Akaishi kwa kupiga filimbi mbele ya nyumba za wenye uwezo, hata shairi lake lilipotoka katika gazeti la Aberdeen mwaka 1841 likavuta macho ya wakuu. Kitabu chake cha mashairi na kumbukumbu kilitoka mwaka 1844, London ikamkaribisha kwa karamu, ikamchoka, na mwaka 1848 akafa maskini Dundee. Waungwana walipenda kusema kwamba dhiki ndiyo iliyomfanya mshairi. Lakini Thom alikwisha kuwa mshairi kabla ya njia ile ya Newtyle, katika karakana iliyojaa waimbaji. Dhiki ilimpa habari ya kueleza, ikamnyang'anya miaka ya kuieleza.

Wanawake wa kazi hii nao wana sehemu yao, nayo ni sehemu iliyosahauliwa kupita zote. Janet Hamilton, aliyezaliwa mwaka 1795, binti wa fundi viatu, alisimulia kwamba akiwa na miaka minane hivi alikuta juu ya kitanda cha mfumi mmoja mpenda elimu vitabu viwili, Paradise Lost ya Milton na mashairi ya Allan Ramsay, moja la Kiingereza na moja la Kiskoti, na kwamba hapo ndipo njia yake ilipofunguka. Aliolewa akiwa na miaka 13, akazaa watoto kumi, na kuandika hakujua hata alipokaribia miaka 50, alipojifundisha hati yake mwenyewe iliyofanana na herufi za chapa. Alipopofuka alitamka tungo zake na mwanawe akaziandika. Katika kijiji cha Langloan, ambacho tanuri za chuma zilikuwa zimekigeuza cheusi, aliutungia moshi na ulevi na mashamba yaliyopotea kwa Kiskoti kikali, na alikitetea Kiskoti hicho waziwazi mbele ya wale waliokionea haya.

Ellen Johnston alikuwa wa kizazi kilichofuata, mfumaji wa mitambo ya mvuke katika viwanda vya Glasgow, Belfast na Dundee, ambamo saa ilikuwa ya tajiri na kelele haikuruhusu mtu kumsikia jirani yake. Je, yeye havunji hoja yangu? Naona aithibitisha. Wenzi wa kumsikiliza aliwapata, lakini nje ya kiwanda, katika kurasa za gazeti la bei rahisi la Glasgow lililoitwa Penny Post, ambamo wasomaji wa kazi kama yake walimjibu kwa mashairi, naye akawajibu. Gazeti lilishika mahali pa karakana. Alijiita msichana wa kiwandani, akachapisha habari za maisha yake na mashairi yake mwaka 1867. Huko Dundee, alipofukuzwa bila ya notisi, alimpeleka msimamizi wake mahakamani akashinda, jambo ambalo maskini wa jinsia yake hakutazamiwa kulifanya.

Paisley haikuwasahau watu wake. Sanamu ya Wilson ilisimamishwa karibu na kanisa kuu mwaka 1874, na ya Tannahill mwaka 1883, kwa fedha zilizotokana na matamasha ya nyimbo zake yaliyofanywa katika bonde la Gleniffer, ambako maelfu ya watu walikaa juu ya majani kusikiliza kwaya. Katika miaka ya 1889 na 1890 Robert Brown akatoa vitabu viwili vikubwa vya washairi wa mji huo pamoja na habari za maisha yao, na kisa hupendwa kusimuliwa cha karamu moja ambapo mgeni aliwatakia heri washairi wa Paisley, na wote waliokuwa mezani wakasimama kumshukuru. Watu hucheka kwa kisa hicho, na kicheko kina haki yake, maana katika vitabu vya Brown kuna tungo nyingi ambazo watungaji wenyewe wangezifuta lau wangeishi.

Lakini ubora wa wachache haukutengana na wingi wa wengi. Tannahill alipata sikio kali kwa sababu alikaa mjini ambamo kila karakana ilikuwa na mtu aliyejaribu, aliyeshindwa, na aliyejua kwa nini ameshindwa. Na Burns mwenyewe asingeupata ubeti wake lau watu wa Renfrewshire wasingeupokea na kuutumia kabla hajazaliwa. Wasomi wanaowachukua wafumi hawa kuwa ni ajabu, kana kwamba mtu wa mkono hakutazamiwa kuwa na kichwa, huwadhulumu mara mbili: wanawasamehe makosa ambayo wao wenyewe hawakusameheana, na wanaacha kuuliza ni mambo gani katika maisha yao yaliyowawezesha. Mambo hayo yalikuwa ya kawaida, na mtu aweza kuyahesabu: shule ya parokia, kitabu cha kuazimana, malipo ya kazi yaliyotosha chakula kabla jua halijatua, na jirani wa kusoma naye. Yalipokuwako, mji mdogo wa wafuma shashi uliwapa ulimwengu nyimbo ambazo haujachoka kuziimba. Na yalipoondolewa moja baada ya moja, haikuwa kwa amri ya Mungu wala kwa upungufu wa vipaji, bali kwa hesabu za watu waliojulikana, katika miaka inayojulikana.